Kiongozi wangu anasema ombi la kimya halina nguvu

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mke na mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimeokoka tangu nikiwa msichana, na kwa muda mrefu nimekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani kwetu. Ninakuandikia kwa sababu nimekwama katika jambo ambalo sikuwahi kudhani lingekuwa tatizo, nalo ni namna ninavyoomba.

Tunaishi katika vyumba viwili vya kupanga. Nyumba haina dari, kwa hiyo neno likisemwa chumba cha mbele linasikika hadi chumba cha nyuma kabisa, na kila mpangaji anajua mwenzake amegombana lini na nani. Mume wangu ni dereva wa bodaboda ya mkataba. Mwaka jana pikipiki iliharibika, akakopa kwa watu wa kausha damu bila kuniambia, na marejesho yamekuwa yakitulemea kila wiki. Nilipogundua, alinisihi nisimwambie mtu yeyote, nami nimeitunza siri yake. Jambo hilo ndilo ninalompelekea Mungu kila siku, pamoja na mengine ya ndani ya ndoa yetu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Huwa ninaamka saa kumi alfajiri kabla watoto hawajaamka. Najifunika shuka kwa sababu ya baridi, nakaa kwenye kiti cha cherehani, na kuomba kimoyomoyo. Wakati mwingine natamka Baba Yetu kwa midomo tu, polepole. Sisemi kwamba ni maombi makubwa, Mama. Mara nyingi akili hunikimbilia kwenye gauni la mteja nililoahidi kulimaliza, na zipo siku usingizi hunichukua nikashtuka kumekucha. Lakini siku ninapofanikiwa kukaa hivyo ninainuka nikiwa na amani, na mume wangu mwenyewe ameniambia kwamba siku hizi sifoki kama zamani.

Kanisa letu limeanzisha kikundi cha maombi kinachokesha kila Ijumaa. Ninahudhuria ninapoweza, na ninapenda tunapoomba pamoja. Shida ni kwamba kiongozi wa kikundi ananiona mzito. Alifundisha kwamba shetani hasomi mawazo, kwa hiyo ombi lisilotamkwa kwa sauti halimtikisi, na kwamba mtu anayeomba kimya anaficha ulegevu wa kiroho. Isitoshe, mimi sijawahi kunena kwa lugha. Katika mkesha mmoja aliniita mbele, akanitaka nifunguke, nitaje haja yangu yote ili watu waiombee. Nilisema tu, "Naomba mniombee familia yangu," nikashindwa kuendelea. Baada ya ibada alinieleza pembeni kwamba ni vyema nipumzike kufundisha watoto hadi nitakapopata moto.

Nimelia sana. Sasa hata nikikaa alfajiri najiuliza kama Mungu ananisikia au najidanganya. Nikijaribu kupaza sauti naona haya kwa majirani, na ninaogopa deni la mume wangu litajulikana nyumba nzima. Je, ombi la kimya ni ombi pungufu? Na kikundi nikifanyeje?

Mwanao,
Fundi wa Mwanjelwa

*

Marahaba, mwanangu. Ameni, Bwana asifiwe.

Nitakupa jibu kwanza, ili usiisome barua hii hadi mwisho ukiwa na wasiwasi. Ombi la kimya ni ombi kamili, Mungu anakusikia, na katika yote uliyoniandikia sijaona sababu ya kukutoa kwenye darasa la watoto. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini ninasema hivyo, maana najua ukirudi kwenye kikundi ukiwa umefarijiwa tu bila kuwa na msingi, neno moja kali litakuangusha tena.

Fungua 1 Samweli, sura ya kwanza. Hana alikwenda Shilo akiwa na uchungu wa kukosa mtoto na uchokozi wa mke mwenziwe, akaomba mbele za Mungu. Mwandishi anatusogeza karibu kabisa na uso wake: alikuwa akinena moyoni mwake, midomo ikitikisika tu, sauti isisikike. Kuhani Eli, aliyekuwa ameketi karibu na mwimo wa mlango, alikitazama kinywa kile na kuhitimisha kwamba mwanamke huyu amelewa. Aliyekosea hapo hakuwa mpita njia. Alikuwa kiongozi wa ibada, mzee aliyezeekea katika kazi hiyo, na macho yake yalimdanganya kwa sababu alihukumu kilichokuwa moyoni kwa kutazama kilichokuwa mdomoni. Hana hakumrushia maneno, wala hakuanza kupaza sauti ili amridhishe. Alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa divai wala kileo, ila ameimimina roho yake mbele za BWANA. Eli naye, tumshukuru kwa hilo, aliyapokea maelezo yake, akambariki na kumwambia aende kwa amani.

Kisha Biblia inasema Hana akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Mimba ilikuwa haijaingia bado. Penina, yule mke mwenziwe, alikuwa bado yupo na maneno yake yaleyale. Kilichokuwa kimebadilika siku ile ni Hana mwenyewe, na nadhani wewe unalielewa jambo hilo kuliko wengi, kwa kuwa mumeo ameshuhudia kwamba hufoki kama zamani, na mume ni shahidi asiyedanganyika kirahisi katika jambo kama hilo. Sura inayofuata, baada ya Samweli kuzaliwa na kupelekwa hekaluni, Hana huyohuyo anamsifu Mungu kwa wimbo mrefu wa ushindi. Hakuwa mwanamke wa kimya wala mwanamke wa kelele. Uchungu wake ulikuwa na namna yake ya kuomba, na furaha yake nayo ikawa na yake.

Nije kwenye fundisho la kwamba shetani hasomi mawazo. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu alimwambia Mungu kwamba ni yeye peke yake ajuaye mioyo ya wanadamu wote. Utayakuta maneno hayo katika 1 Wafalme 8:39. Kwa hiyo kiongozi wako, katika sehemu ya kwanza ya hoja yake, ana Maandiko upande wake. Ninachoshindwa kukielewa ni kile alichokijenga juu yake. Ombi hupelekwa kwa Mungu, na shetani si mpokeaji wake. Ikiwa adui hasikii unayomwambia Baba yako saa kumi alfajiri, hasara yako ni ipi? Tukianza kupima maombi kwa jinsi yanavyomtikisa shetani, tutajikuta tumekesha usiku kucha tukimsemesha yeye kuliko tulivyosema na Mungu, na nimeshakaa katika mikesha ambamo hali hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa akisikiliza. Ni kweli kwamba Yesu alikemea pepo kwa maneno ya kusikika, tena machache. Hiyo ilikuwa huduma kwa mtu aliyekuwa akiteswa mbele yake, wala hakuifanya kuwa kanuni ya kila ombi. Alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi ya kusali, alianza na mlango.

Nayanukuu maneno hayo kama tulivyoyazoea: "Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Najua utasema, Mama, chumba cha ndani nitakipata wapi katika nyumba isiyo na dari? Basi ujue kwamba wengi waliomsikiliza siku ile hawakuwa na nafasi kubwa kuliko yako. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya nyumba za Kapernaumu, mji ambao Yesu aliufanya makao yake, na wamekuta vyumba vidogo vya mawe vimezunguka ua wa pamoja, ambao watu wa nyumba kadhaa waliutumia kwa kupikia na kufanyia kazi zao. Mtu aliyeishi hapo alisikia kikohozi cha jirani kama unavyokisikia wewe. Shuka lako na kiti chako cha cherehani vinatosha kuwa chumba cha ndani, na kimya chako ndicho mlango uliofungwa. Usiache kuomba kwa kungoja siku mtakapojenga.

Mlango huo una kazi gani? Kazi yake ya kwanza ni kuwaondoa wasikilizaji. Sote tunaoomba mbele za watu, nikiwamo mimi, tunajua jinsi sikio la jirani linavyoingia katika ombi bila kualikwa. Tunachagua maneno. Tunaongeza sauti pale ambapo wengine wameitikia "Ameni" kwa nguvu, na pale waliponyamaza tunageuza mada. Wapo wanaomtolea Mungu taarifa za mtaani kana kwamba hakuwa na habari nazo: "Ee Bwana, wewe unajua jinsi dada mmoja humu ndani alivyonisema vibaya." Hicho ni kijembe kilichofumba macho. Aombaye akiwa peke yake hana wa kumpiga kijembe, hana wa kumvutia, wala hana wa kuitikia. Mara nyingi hugundua kwamba maneno yake ni machache sana kuliko alivyodhani, na huo ukame humtisha, naye akaamua kwamba hana karama ya maombi. Ukweli ni kwamba mengi ya maneno yale ya kwenye kundi yalikuwa yamekusudiwa wenzake, na sasa amebaki na yaliyokuwa ya Mungu tu. Hata kama ni mawili, hayo mawili ni ya kweli.

Kazi ya pili ya mlango ni kulinda siri za watu wengine, na hapa ninataka nikae kidogo, kwa sababu naona ndipo ulipoumizwa zaidi. Uliposema, "Naomba mniombee familia yangu," ulitaja yote yaliyopasa kutajwa mahali pale. Mungu hahitaji kutajiwa kiasi cha deni mbele ya watu ili apate kujua. Deni lile ni la mumeo pia, alikukabidhi kama siri ya ndoa, na hakuna kiongozi wa maombi mwenye haki ya kukutoa siri hiyo mdomoni kwa kukuita mbele usiku wa manane. Haja ikitangazwa kwenye mkesha wa Ijumaa, Jumapili inakuwa imeshafika sokoni, tena si kwa ubaya, bali kwa huruma: "Mwombeeni dada yule, mume wake anadaiwa." Kufunguka ni jambo jema pale mtu anapofunguka kwa hiari yake, kwa mtu mwenye wajibu wa kutunza anachoambiwa. Kufunguliwa na wengine mbele ya umati ni jambo jingine kabisa, na kanisa lisilotofautisha mambo hayo mawili litafika mahali ambapo wenye mizigo mizito ndio wa kwanza kunyamaza.

Lakini mlango uliofungiwa majirani usije ukafungiwa kila mtu. Deni la kausha damu halimalizwi kwa ombi peke yake, wala sidhani kwamba Mungu amekuamuru ulibebe bila msaada. Zungumza na mumeo kwanza, kisha kwa ridhaa yake mwende wawili kwa wasimamizi wenu wa ndoa, au kwa mchungaji, mkae nao faragha. Mwombeni mkopeshaji nakala ya mkataba, na mwulize kama ana leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mwenye biashara ya kukopesha awe nayo. Mambo haya pia ni majibu ya maombi, hata kama yanatembea kwa miguu.

Kuna tukio katika Marko sura ya kwanza ambalo watu wengi hulisoma haraka mno. Jioni mji wote ulikusanyika mlangoni pa nyumba ya Simoni, Yesu akaponya wengi. Alfajiri na mapema sana akatoka, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata, na walipomwona wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Mtu mwingine angerudi mbio, maana huduma ilikuwa imepamba moto na mji mzima ulikuwa umemkubali. Yeye akasema waende mahali pengine, katika vijiji vilivyo karibu, akahubiri huko nako. Sioni kwamba alikuwa amechoka na watu. Alikuwa ametoka kukaa na Baba yake, na kwa hiyo aliweza kusema hapana kwa watu wote wanaomtafuta bila hasira na bila kujitetea. Uhuru wa namna hiyo haupatikani kirahisi katika kundi, kwa sababu katika kundi daima kuna mtu anayetaka uwe namna fulani.

Unakoishi, Wamoravian walifika mwaka 1891 na kufungua misheni yao Rungwe. Walitoka katika kanisa ambalo kwa muda mrefu lilikuwa limeheshimu sana ombi la mtu mmoja mmoja. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwezi Agosti mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kugawana saa zote za siku, kila mmoja akichukua saa yake na kuomba mahali pake, mchana na usiku, na zamu hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Walikuwa pia na siku ya kukutana, wakaelezana haja na habari za kuombea. Lakini kazi yenyewe, saa kwa saa, ilifanywa na mtu aliyekuwa peke yake wakati wengine wakishona viatu au wamelala. Yeyote anayesema kwamba maombi ya faragha ni ya walegevu na azikumbuke saa hizo, hasa zile za baada ya usiku wa manane.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekupendelea, kwa hiyo ongeza na hili. Kimya nacho kina majaribu yake. Katika Luka 18, yule Farisayo aliyemshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine alikuwa, kwa maneno ya Biblia yetu, "akiomba hivi moyoni mwake." Ombi lake halikusikika, na bado lilikuwa limejaa kiburi. Mtoza ushuru alisimama mbali akijipigapiga kifua. Ukianza kuwatazama wanaopaza sauti Ijumaa ukasema moyoni, "Namshukuru Mungu mimi si mpiga kelele kama hawa," utakuwa umekaa kwenye kiti cha Farisayo, na shuka lako halitakusaidia. Bartimayo alipaza sauti, watu wakamkemea anyamaze, akazidi kupaza, na Yesu akasimama. Waumini wa kwanza walimpazia Mungu sauti zao kwa moyo mmoja, kama tunavyosoma katika Matendo 4. Mwandishi wa Waebrania anamsimulia Kristo mwenyewe akiomba kwa kulia sana na machozi. Kuna mama anayelia kwa sauti katika mkesha kwa sababu wiki nzima hakupata mahali pa kulilia, na wewe humjui.

Kuhusu kunena kwa lugha nitasema machache, kwa kuwa makanisa yetu yanatofautiana na sipendi kukugombanisha na la kwenu. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 12 kama wote wanena kwa lugha, na swali lake linangojea jibu la hapana. Katika sura ya 14 anaongeza kwamba asipokuwapo wa kufasiri, mwenye lugha anyamaze kanisani na aseme na nafsi yake na Mungu. Hata karama hiyo, basi, Paulo aliiandalia mahali pa kimya.

Sasa akili inayokimbia na usingizi. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, aliyeitwa Peter, barua ndefu kidogo ya kumfundisha kuomba, na mfano wake utauelewa vizuri kuliko watu wengi wenye elimu ya dini. Alimwambia kwamba kinyozi mzuri huweka macho na akili yake yote kwenye wembe na nywele. Akitaka kupiga soga huku ananyoa, atamkata mtu pua. Wewe badala ya wembe una sindano, na unajua ni nani hushonwa kidole. Lakini Luther hakuishia kumkemea. Alikiri kwamba naye moyo wake hupoa kwa sababu ya kazi na mawazo, na dawa aliyoitumia ilikuwa kuchukua maneno aliyoyajua tangu utotoni, yaani Amri Kumi, Imani ya Mitume na Baba Yetu, akayapitia moja moja. Kila amri aliitazama kwanza kama fundisho, kisha kama sababu ya kushukuru, kisha kama mahali pa kuungama, kisha kama haja ya kuomba. Na alishauri kwamba Roho Mtakatifu akianza kuhubiri moyoni kupitia neno mojawapo, mtu ayaache mengine yote anyamaze asikilize, hata kama Baba Yetu haijafika mwisho.

Ungeweza kuanza hivyo alfajiri. Chukua "utupe leo riziki yetu," na kabla hujaenda mbele kaa na neno "leo," ukikumbuka kwamba rejesho la wiki ijayo halimo katika ombi hilo. Gauni la mteja likikujia kichwani, usipigane nalo. Mtaje mteja huyo kwa Mungu kwa jina lake, kisha rudi kwenye neno ulipoliacha. Usijiwekee muda mrefu kwa sababu umesikia fulani huomba saa tatu. Yesu aliwaonya watu wasipayuke-payuke wakidhani watasikiwa kwa wingi wa maneno, na onyo hilo linahusu wingi wa dakika pia. Ukishikwa na usingizi, keti wima au simama karibu na dirisha. Ukilala kabisa, amka uendelee na siku yako bila kujilaani, kwa maana kule Gethsemane waliolala walikuwa mitume. Na hakikisha unalala mapema siku ambazo hakuna mkesha. Mwanamke anayeshona hadi saa sita usiku na kuamka saa kumi hana tatizo la kiroho, ana usingizi.

Wala usidhani kwamba yote lazima yafanyike kwenye kiti kile. Nehemia alikuwa amesimama mbele ya mfalme Artashasta akihudumu divai, mfalme akamuuliza anataka haja gani, na kati ya swali hilo na jibu lake anasema alimwomba Mungu wa mbinguni. Hakupiga magoti, wala mfalme hakuona kitu. Ombi lile la sekunde chache lilitanguliwa na miezi ya kufunga na kulia, kama sura ya kwanza inavyoeleza, na ndiyo maana lilikuwa tayari mdomoni. Anayekukatisha tamaa akiwa mbele yako, au mkopeshaji akipiga simu, unayo nafasi ya Nehemia.

Imebaki habari ya kiongozi wako. Yesu alielekeza kwamba ndugu yako akikukosea uende kwake, wewe na yeye peke yenu. Usilipeleke jambo hili kwenye kikundi wala kwa wenzako wa kwaya. Mwombe nafasi mchana, si baada ya mkesha ambapo wote mmechoka, na umwambie hivi au kwa maneno yako: "Kaka, nakushukuru kwa kutuongoza. Siku ile uliponiita mbele niliumia, kwa sababu haja yangu inahusu siri ya mtu mwingine na sina ruhusa ya kuitaja. Kuomba kimya ndiyo namna ninavyokutana na Mungu nyumbani kwangu. Nitaendelea kuja Ijumaa ninapoweza, na ninaomba niendelee na watoto." Usiongeze mafungu kumi ya Biblia, kama atataka kusoma, mpe habari ya Hana tu. Huenda naye ana hofu yake, maana anayepewa kikundi kipya huona kila anayenyamaza kuwa dalili ya kikundi kupoa.

Akikuelewa kama Eli alivyomwelewa Hana, mshukuru na mambo yaishe. Akikataa, nenda kwa mchungaji, kwa sababu kumsimamisha mwalimu wa shule ya Jumapili ni uamuzi wa mchungaji na wazee wa kanisa, na sidhani kama wanajua kwamba umeambiwa upumzike. Wakati unangoja jibu, mwalimu mwenzako ashike daftari la mahudhurio na aelezwe somo mlilofikia, ili watoto wasikae bila kufundishwa kwa ajili ya mambo ya wakubwa. Mchungaji akishakujibu, niandikie tena nijue amesemaje.